Nyika, Nafsi na Tamaa: Waandishi Wakongwe wa Marekani Wasomwapo Jomvu Kuu

UTANGULIZI

Imekuwa desturi katika madarasa ya fasihi kumtaka mwanafunzi, akiisha kusoma kazi ya mwandishi wa kigeni, aeleze jinsi kazi hiyo ilivyomgusa. Desturi yenyewe haina ubaya, kwani fasihi isiyomgusa msomaji ni sawa na chakula kisichoshibisha. Ubaya huingia pale majibu yanapotoka yamefanana kana kwamba yametolewa katika kalibu moja. Henry David Thoreau husifiwa kwa kupenda miti na maji na kuwakimbia watu. Ralph Waldo Emerson kwa kumfunza mtu ajiamini. Walt Whitman kwa kujiimba mwenyewe bila haya. Emily Dickinson kwa kulifananisha tumaini na ndege. Msomaji wa Concord na msomaji wa Mombasa huandika sifa zile zile kwa mpango ule ule, na mhakiki asijue ni yupi aliyekulia penye theluji na ni yupi aliyekulia penye mikoko.

Makala haya yanakusudia kuwasoma waandishi hao wanne kutoka mahali pamoja panapojulikana, yaani Jomvu Kuu, na kwa maneno ya lugha isemwayo hapo. Jomvu Kuu ni mji wa kale wa Waswahili ulio bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kando ya hori la Tudor. Wenyewe, Wajomvu, wamo katika Tisa Taifa, ambayo pamoja na Thalatha Taifa hukamilisha mataifa kumi na mawili ya Mombasa. Mbele ya mji ni mikoko na maji yajaayo na kupwa. Nyuma yake ni nchi ipandayo kuelekea vilima vya Rabai. Msomaji wa Jomvu Kuu atajwaye humu si mtu fulani. Ni jina la mahali pa kusimamia, kwani kila usomaji husimama mahali, hata ule ujidaio kuwa hauna mahali.

Hoja yenyewe ni hii. Fikira tatu zinazoyabeba maandishi hayo, yaani mwitu, mtu peke yake, na tumaini, zikivishwa maneno ya Kiswahili cha pwani hubadilika bei. Mwitu huwa nyika, mtu peke yake hukaribiana na ubinafsi, na tumaini hukaribiana na tamaa. Wako watakaosema kwamba huo ni upungufu wa Kiswahili. Walakini, yafaa ieleweke kwamba huo ni uhakiki uliokwisha kufanywa na lugha kabla mhakiki hajashika kalamu. Uhakiki huo una nguvu yake. Una kasoro yake pia, na kasoro hiyo ndiyo inayotupa sababu ya kuendelea kuwasoma waandishi hao.

NYIKA

Emerson alichapisha kitabu chake kiitwacho Nature mwaka 1836. Atakaye kulifasiri jina hilo ana maneno kadhaa ya kuchagua, na kila moja lina njia yake. "Maumbile" limetokana na kuumba, na kwa hiyo humkumbusha msikilizaji kwamba yuko Muumba. "Asili" huirudisha fikira kwenye shina na chanzo. "Mazingira" limetokana na kuzingira: ni yale yamzungukayo mtu, na mtu ndiye aliye katikati. Emerson aliyataka yote matatu kwa mara moja. Alitaka ulimwengu wa miti na nyota uwe dalili ya Mungu, uwe chanzo cha mawazo ya mtu, na uwe umemzunguka mtu aliye peke yake. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague moja na kuyaacha mawili. Hapo pana faida, kwani msomaji hutambua kwamba neno moja la Kiingereza lilikuwa limebeba mizigo mitatu, na kwamba nguvu ya Emerson, na pengine ukungu wake pia, hutokana na kubadili mzigo begani bila ya kumwambia msomaji.

Neno la Thoreau ni gumu zaidi. Yeye alihamia kando ya ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord katika jimbo la Massachusetts, tarehe 4 Julai 1845, akaondoka tarehe 6 Septemba 1847. Kitabu chake, Walden, kilitoka mwaka 1854. Alilolisifu yeye ni lile lisilofugwa, lisilolimwa, lisilotiwa uzio. Kiswahili kina "mwitu", kina "pori", kina "nyika". Hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na upana alioutaka, nalo ndilo lenye historia nzito kuliko yote.

Katika kipindi hicho hicho ambacho Thoreau alikuwa Walden, yaani mwaka 1846, wamisionari Krapf na Rebmann walifanya makao yao Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Jomvu. Wenyeji wa vilima hivyo waliitwa Wanyika na watu wa mwambao, na wageni wakaliandika jina hilo vitabuni kama walivyolisikia. Jina la Mijikenda lilianza kushika nafasi yake katika miaka ya 1940 tu. Kwa hiyo, wakati mwandishi wa Concord alipokuwa akilitukuza pori, huku pwani neno la pori lilikuwa jina la watu, tena jina la dharau, lililowekwa upande wa pili wa uungwana na ustaarabu. Msomaji wa Jomvu Kuu hawezi kuifasiri sifa ya Thoreau kwa neno "nyika" asiisikie dharau hiyo. Na akiisha kuisikia, hana budi kuuliza swali ambalo msomaji wa Concord huenda asiliulize: hilo pori lisilo na mtu, ni nani aliyesema kwamba halina mtu?

Jambo la pili ni kwamba maumbile ya Jomvu Kuu hayakuwa ya kutazamwa tu. Mikoko ina majina kwa sababu ina kazi. Mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na mkomafi si majina ya mapambo. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Magome ya mkandaa hutoa rangi na dawa ya ngozi. Mchu hutoa kuni. Miti ya kujengea nayo imepangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Biashara ya boriti iliufunga mwambao huu na nchi za Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzipeleka nchi za nje mwaka 1982. Mtu aliyelelewa katika msamiati huo hukutana na mti kwanza kwa mkono, ndipo kwa jicho.

Aidha, vilima vya nyuma ya Jomvu vina misitu ambayo haikuokolewa na mpenda miti mmoja. Kaya za Mijikenda, zikiwemo zile za Rabai, zilihifadhiwa kwa viapo, kwa miiko na kwa mamlaka ya wazee, na mwaka 2008 Kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kaya ni msitu kwa sababu watu waliwahi kukaa ndani yake na wafu wao wamezikwa humo. Hapa utakatifu wa miti unatokana na ukoo. Fikira ya kwamba mtu huuona utakatifu huo vizuri zaidi akiwa peke yake, mbali na jamaa zake, ni fikira ngeni kabisa kwa mwenye Kaya.

Mhakiki angeweza kuishia hapo na kuamua kwamba Walden haituhusu. Huo ungekuwa uvivu. Msomaji aliyezoea kuuangalia msitu kama mahali pa kazi na pa watu, akikisoma kitabu hicho kwa uangalifu, huona mambo ambayo sifa za kawaida huyapita. Ardhi ya Walden ilikuwa mali ya Emerson. Kijiji kilikuwa mwendo mfupi kwa miguu, na Thoreau alikwenda huko mara kwa mara. Reli ilipita kando ya ziwa, na ngurumo ya gari la moshi imo katika kitabu, kama ambavyo gari la moshi limesikika bara ya Mombasa tangu mwisho wa karne ya 19, na kama lisikikavyo Miritini tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017. Mbao za nyumba alizinunua kwa mfanyakazi wa reli wa Kiirishi, James Collins, kwa dola 4 na senti 25, na gharama yote ya nyumba akaiandika: dola 28 na senti 12 na nusu. Alilima maharagwe, akapima mistari yake, akahesabu faida na hasara. Kitabu kisifiwacho kwa kuikimbia dunia kina daftari la hesabu ndani yake. Mkata boriti angelielewa daftari hilo mara moja.

Lililo kubwa zaidi ni sura ile ambamo Thoreau anawakumbuka watu waliokaa katika msitu huo kabla yake. Miongoni mwao ni Cato Ingraham, Zilpah White na Brister Freeman, watu weusi waliokuwa watumwa katika jimbo hilo la Massachusetts au waliotoka utumwani, ambao mji haukuwapa mahali pengine pa kujenga. Kumbe hata nyika ya Walden ilikuwa na wenyewe. Thoreau aliyaona mashimo ya nyumba zao zilizoanguka akayaandika, ingawa wasifu wake wengi huifungua sura hiyo na kuifunga bila kusema neno. Jambo hili litarejelewa baadaye.

NAFSI

Insha mashuhuri ya Emerson, Self-Reliance, ilitoka mwaka 1841. Mfasiri wa leo angeliita jina lake "Kujitegemea" bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo angepotea. Tangu Azimio la Arusha la mwezi Februari 1967, na maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya elimu yaliyofuata mwezi Machi mwaka huo, neno "kujitegemea" limefungamana na "ujamaa". Anayejitegemea katika matumizi hayo ni taifa, kijiji, shule. Hata nje ya siasa, kijana akisemwa kuwa sasa anajitegemea, maana yake ni kwamba ameacha kula kwa baba na karibu ataanza kulisha wengine. Kujitegemea ni kuingia katika zamu ya wajibu. Kwa Emerson neno lake lilikuwa na maana karibu ya kinyume: mtu asikubali jamii imwamulie lililo kweli, hata kama jamii hiyo ni kanisa lake, chama chake au jamaa zake.

Neno jingine lililo karibu ni "ubinafsi", na hilo ni tusi. Lugha iliyotoa methali kama vile "mtu ni watu", "kidole kimoja hakivunji chawa" na "jifya moja haliinjiki chungu" haikuacha pengo kubwa la kumsifu mtu aliyejitenga. "Upweke" nao ni hali ya kuonewa huruma. Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, shujaa anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima kijijini Busutamu. Kwa jicho la haraka huyo ni Thoreau wa Kiswahili. Lakini riwaya haimwachi katika ukimya wa shamba. Kisa chake huzidi kuingia katika ujirani na mapenzi, na utu wake, ambao umo ndani ya jina lake, hupimwa kwa jinsi anavyoishi na watu. Thoreau alikwenda msituni ajijue mwenyewe. Utubora alikwenda shambani, na kijiji kikamjua.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ushairi wa Waswahili haukuwa na sauti ya mtu mmoja. Muyaka bin Haji, aliyekufa mwaka 1840, miaka minne tu baada ya kutoka kwa Nature, husemwa kuwa ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni, na aliyeyaleta sokoni ni pamoja na madeni yake, mapenzi yake na hasira zake. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utenzi wake mwaka 1858, miaka mitatu baada ya Whitman kuchapisha Leaves of Grass, naye aliuelekeza kwa binti yake mmoja katika ugonjwa wake. Toleo la kwanza la kitabu cha Whitman halikuwa na jina la mtunzi katika ukurasa wa mbele. Jina hilo msomaji hulikuta ndani ya shairi. Msomaji wa tenzi hashangazwi na jambo hilo, kwani watunzi wengi wa tenzi walijitaja ndani ya beti zao. Tofauti iko katika namna ya kujitaja. Mtunzi wa utenzi hujitaja kwa unyenyekevu, mwishoni, akiomba dua. Whitman hujitaja kwa kifua wazi na kudai kwamba ndani ya mtu huyo mmoja wamo watu wote. Madai hayo, yakisikilizwa kwa sikio la pwani, yana ushujaa na yana kiburi, na mhakiki mwadilifu atasema yote mawili.

Mfano ulio na uzito kuliko yote ni wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya siasa, "Kenya: Twendapi?". Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo, akafunguliwa mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga akiwa kizuizini yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Thoreau naye alifungwa, mwezi Julai 1846, kwa kukataa kulipa kodi. Alilala jela usiku mmoja, mtu mwingine akamlipia, akatoka. Kutokana na usiku huo iliandikwa insha ya mwaka 1849 ambayo baadaye ilisomwa na Gandhi na Martin Luther King. Hakuna haja ya kuudharau usiku mmoja kwa sababu ya miaka mitatu. Kilicho na faida kwa mhakiki ni kulinganisha upweke na upweke.

Thoreau aliuchagua upweke wake, na zao lake kubwa ni nafsi iliyojichunguza. Abdilatif alitiliwa upweke kwa nguvu, na zao lake ni mashairi yaliyojaa watu. "Mnazi" ni majibizano ya ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mti mmoja, na wahakiki wengi wameuona mnazi huo kuwa nchi na matunda ya uhuru wake. "Mamba" humhusu mwenye nguvu anayejivunia mto. Mshairi aliyenyimwa watu aliwaumba upya katika beti ili apate wa kusema nao. Maumbile pia, yaani mnazi, mamba na mto, yaliingia katika mashairi hayo kama mashahidi wa ugomvi wa watu. Hayakuja kuwa kimbilio.

Hata hivyo imo katika diwani hiyo sauti ambayo Emerson angeitambua. Shairi liitwalo "Siwati" limetumia neno la Kimvita lenye maana ya "siachi". Jina hilo ni kitenzi kimoja, cha nafsi ya kwanza, cha kukanusha, tena katika lahaja ya nyumbani mwa mshairi. Hapo mtu mmoja anasimama dhidi ya dola. Je, huo ni ubinafsi? Hakuna msomaji wa Kiswahili atakayesema hivyo. Basi ni nini? Lugha ina jibu lake, na jibu hilo ni "msimamo". Mwenye msimamo husifiwa hata na wasiokubaliana naye. Tena neno lenyewe linafundisha: kutegemea ni kuegemea kitu, ilhali kusimama ni kusimama mbele ya macho ya watu. Hakuna msimamo wa mtu aliyejificha. Yamkini jina la Kiswahili la insha ya Emerson lingefaa kuwa "Msimamo", na kwa kulichagua jina hilo mfasiri angekuwa amemsifu Emerson na kumkosoa papo hapo, kwa kuwa angeirudisha nafsi yake mbele ya watu ambao yeye alitaka kuwapa kisogo.

TAMAA

Mintarafu ya tumaini, Kiswahili kina maneno mengi, na yote hayalingani. Liko "tumaini", liko "taraja", liko "tamaa". Asiye na tumaini tena husemwa "amekata tamaa". Lakini mwenye tamaa nyingi husemwa kuwa ni mlafi, na tamaa hiyo hiyo, kwa methali ijulikanayo na wote, ilimwua fisi. Lugha imeliweka tumaini na ulafi katika neno moja na kumwachia msikilizaji atenganishe kwa muktadha. Kadiri gani ya kutaka ni uhai, na kadiri gani ni maangamizi? Swali hilo limo ndani ya neno.

Waandishi wa Marekani hawakulijua onyo hilo, au walilijua kwa njia nyingine. Dickinson, aliyekufa mwaka 1886 akiwa ameacha mashairi karibu 1,800 ambayo machache mno yalichapwa katika uhai wake, alilifananisha tumaini na ndege akaaye rohoni asiyedai malipo. Taswira hiyo ni nzuri, na uzuri wake huongezeka msomaji akijua kwamba mtunzi mwenyewe aliandika bila kungojea wasomaji. Lakini msomaji wa Jomvu Kuu atauliza kama kweli liko tumaini lisilo na gharama. Kwake mwalimu wa matumaini ni bahari. Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Methali hiyo humwonya aliye juu na humfariji aliye chini kwa sauti moja. Tumaini la namna hiyo halikai katika roho ya mtu mmoja. Limo katika utaratibu wa ulimwengu, na kazi ya mtu ni subira.

Hapa uhakiki wa lugha una nguvu, lakini una hatari pia. Subira yavuta heri, ndiyo. Na subira imetumiwa vile vile kuwanyamazisha waliokuwa na haki ya kudai. Tumaini la mawimbi halimwambii mtu lini asimame. Thoreau na Emerson, kwa kulifanya tumaini kuwa jambo la asubuhi, la mtu anayeamka na kuamua, wanaleta kitu ambacho methali ya maji haina, nacho ni saa. Abdilatif, mtoto wa mwambao huo huo wa mawimbi, alihisi haja hiyo. Katika diwani yake limo shairi liitwalo "Wasafiri Tuamkeni", na jina hilo tu latosha kuonyesha kwamba subira imefikishwa mwisho wake, tena kwa wito wa wengi na si wa mmoja.

Upo mfano mwingine ulio karibu zaidi na macho ya Jomvu Kuu. Mvua za El Niño za miaka 1997 na 1998 zilishusha tope nyingi katika hori la Tudor, na mikoko mingi ikafa. Tangu hapo imekuwa ikipandwa tena katika sehemu mbalimbali za mwambao. Apandaye mche wa mkandaa anajua kwamba paa litakaloezekwa juu ya boriti yake huenda lisiwe lake. Huko ni kutumaini kwa mikono, bila tamaa. Thoreau, aliyetumia miaka yake ya mwisho kuchunguza jinsi mbegu zinavyosafiri na misitu inavyorithiana, angekuwa na mengi ya kumwuliza mpandaji huyo.

MTORO

Hadi hapa maneno matatu yametazamwa mbalimbali. Katika historia ya bara ya Mombasa yalikutana katika mtu mmoja, naye ni mtoro. Katika karne ya 19 watumwa wa mashamba ya mwambao walitoroka na kuingia nyikani. Wengine walijenga makazi yao wenyewe, Fuladoyo likiwa mashuhuri katika miaka ya 1880. Wengine walikimbilia vituo vya misheni, na hasa Rabai. Frere Town, katika Kisauni, ilianzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka vyombo vya biashara ya utumwa. Wenye mashamba waliwadai watoro wao, na mwanzoni mwa mwaka 1889 Kampuni ya Waingereza ililipa fidia kwa ajili ya watu wapatao 1,400. Utumwa wenyewe ulikoma kisheria katika mwambao huu mwaka 1907.

Mtoro alikwenda nyikani, mahali palipodharauliwa, akapafanya mahali pa uhuru. Aliitanguliza nafsi yake mbele ya nyumba iliyomdai. Alifanya hivyo kwa tamaa, kwa ile maana ambayo mtu asipokuwa nayo husemwa kuwa ameikata. Mtu huyo lugha yetu imempa jina gani? Imemwita mtoro, jina ambalo hata leo hupewa mtoto anayekwepa shule na askari anayekimbia kikosi. Neno limelihifadhi jicho la bwana. Jicho la aliyekimbia halimo. Hapa ndipo uhakiki wa lugha unaposhindwa, na hapa ndipo wale waandishi wa ng'ambo wanapotufaa. Thoreau aliishi katika nchi yenye watoro wake, na nyumba ya wazazi wake ilipata kuwasaidia katika safari ya kwenda Kanada. Alipoyaandika majina ya Cato, Zilpah na Brister aliwarudishia msitu wenyewe kwa ukurasa mmoja. Msomaji wa Jomvu Kuu, akiisoma sura hiyo, hana budi kuuliza ni ukurasa gani wa Kiswahili uliowafanyia hivyo watu wa Fuladoyo.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba kuwasoma waandishi hawa katika Kiswahili kunaleta faida pande zote mbili. Kiswahili huwauliza: pori lenu lilikuwa la nani, nafsi yenu ilisimama mbele ya nani, na tumaini lenu lililipiwa na nani? Nao huiuliza lugha yetu: mbona mtu aliye peke yake hamna jina zuri la kumpa mpaka awe ameshinda?

Kwa walimu wa fasihi matokeo yake ni mepesi kueleza, ingawa si mepesi kutenda. Mwanafunzi atakiwapo kueleza jinsi Walden au Self-Reliance ilivyomgusa, aanze kwa kuchagua neno la Kiswahili kwa kila fikira kubwa ya kitabu, kisha aeleze neno hilo linamgharimu nini. Akichagua "nyika", aeleze habari za Wanyika. Akichagua "kujitegemea", aeleze kwa nini asichague "msimamo". Jibu litakalotoka hapo litakuwa lake, na halitaweza kunakiliwa kutoka kwa mwanafunzi wa Concord. Nao wanaokusanya historia ya masimulizi katika Jomvu Kuu, Rabai na Kisauni wana kazi iliyo kubwa zaidi: kutafuta kama watoro wenyewe, katika nyimbo na majina ya ukoo, walikuwa na neno lao la kujiitia, ili neno hilo liingie katika kamusi kando ya lile la mabwana zao.